Mayai ya Pasaka Yanayonukia Moshi

Chokoleti ikikugandia kwenye bakuli, ikawa kama udongo wa kufinyanga, usiitupe na usimlaumu mwenye duka. Umeitia maji. Utaapa kwa jina la mama yako kwamba hukutia maji, nami nitakwambia umetia. Kijiko kilikuwa na unyevu, au mvuke wa sufuria ulipanda ukatua ndani, au ulijipangusa jasho la uso halafu ukashika mwiko. Chokoleti na maji ni wake wenza wasiosalimiana. Tia samli kijiko kimoja, koroga polepole, na umwombe Mungu. Haitang'aa tena kama mwanzo, lakini itafaa kwa mayai ya watoto, na mtoto haangalii mng'ao.

Nawaambia nyinyi vijana mnaotengeneza peremende za kuuza kwenye simu, maana mmekuja hapa kwangu Isiolo na maswali, na mimi sijui kunyima mtu jibu. Jina langu ni Kanana. Mikono hii imeviringisha mayai ya peremende na kuyachovya kwenye chokoleti katika bekari moja ya mji huu tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kusimama. Nimestaafu mimi, mdomo bado.

Bekari ilikuwa ya Mgoa mmoja, mjane, tukimwita Mama Konsessa. Kwao Goa, alituambia, Wakristo hutengeneza mayai ya Pasaka kwa korosho zilizosagwa na sukari. Sasa Isiolo korosho utazitoa wapi? Tulikuwa na njugu karanga, maziwa na vumbi. Vumbi hatukulitia, ingawa lenyewe lilijitahidi sana kuingia. Basi akabuni yai lake. Ndani ni maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, yakatiwa sukari, samli na njugu zilizotwangwa. Yakishapoa unayafinyanga kwa mkono yakawa na umbo la yai. Nje unalivika chokoleti. Hilo ndilo yai lenyewe, na ukiniuliza, hayo ya duka yenye karatasi ya kumetameta hayafiki hata kwenye kizingiti chake.

Mimi nilitoka juu huko Meru, nyumba ambayo chakula kikileta ukaidi kinatiwa maji. Uji umekuwa mzito, maji. Mchuzi umekauka, maji. Siku ya kwanza Mama Konsessa aliponipa bakuli la chokoleti nikoroge, nikaona inaanza kuwa nzito kidogo, nikafanya kama mama yangu alivyonilea. Nilitia kikombe kizima. Mama Konsessa alikuja, akachungulia, akakaa juu ya gunia la unga, akatoa rozari mfukoni. Aliisali yote mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kanana, wewe iko na mkono mzuri. Kichwa tutatafuta." Vibao vile vya chokoleti vilikuwa vimetoka Nairobi kwa lori, vikapita Nanyuki, vikateremka mpaka kwetu vikiwa vimefunikwa magunia mabichi ili visiyeyuke. Mimi nikavimaliza kwa kikombe kimoja. Nililia siku hiyo, tena si kidogo.

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kuyeyusha chokoleti kwenye bakuli linalokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, kitako cha bakuli kisiguse maji, na moto uwe wa makaa yaliyoanza kuchoka. Nilijifunza kupima joto lake kwa mdomo. Unachota tone kwa ncha ya kijiko, unaligusisha mdomo wa chini. Ukisikia moto, ngoja. Ukisikia baridi kidogo tu, chovya sasa hivi, usianze hadithi. Mke wa mwalimu mmoja aliingia bekari akanikuta na chokoleti mdomoni, akamwambia Mama Konsessa kwamba mfanyakazi wake ni mwizi. Mama Konsessa naye akageuka, na mdomo wake ulikuwa na chokoleti zaidi ya wangu. Mama yule alinunua mayai akaondoka bila kusema kwaheri.

Tulichovya kwa uma wa zamani uliovunjwa meno ya katikati, ukabaki na mawili ya pembeni. Yai linakaa hapo kama mtoto kwenye mbeleko. Unalizamisha, unaliinua, unagonga uma kwenye ukingo wa bakuli ili chokoleti ya ziada ianguke, kisha unalitelezesha juu ya karatasi iliyopakwa samli. Msitumie vidole. Najua mnatumia vidole, nimeona picha zenu.

Friji hatukuwa nayo. Tulikuwa na sanduku la makaa. Ni kabati la mbao lenye kuta za waya, waya mbili, na katikati ya hizo waya umejaza makaa. Unayamwagia maji asubuhi na jioni, upepo wa Isiolo unapita kwenye makaa mabichi, na ndani kunakuwa na ubaridi wa kisima. Upepo wa Isiolo watu wanaulaani kwa sababu unawavua kofia, sisi tuliushukuru. Ubaya ni kwamba Pasaka inapenda kuja na mvua, na mvua ikishaifanya hewa kuwa nzito, sanduku la makaa linakuwa kabati tu kama kabati jingine lolote. Kwa hivyo mwaka wa mvua tulichovya alfajiri kabla jua halijaamka vizuri, na tukauza siku hiyohiyo. Yakikaa kwenye joto yanapata weupe juu, watu wanadhani ni ukungu. Si ukungu. Ni mafuta ya chokoleti yenyewe yamepanda juu. Kula tu.

Sasa nifike kwenye maziwa, maana ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo, nyinyi ndio mmenichelewesha.

Maziwa yetu yaliletwa na mwanamke wa Kiborana, Mama Guyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea bila haraka hata mvua ikimfuata. Aliingia mlango wa nyuma kila asubuhi na "salaam aleikum," Mama Konsessa akimjibu "aleikum salaam, mama, habari ya nyumbani," na hapo wawili hao walikuwa wamemaliza adabu, wangeweza kuanza kubishana. Maziwa aliyabeba kwenye chicho. Chicho ni chombo cha Waborana cha kuwekea maziwa, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi, kinabana mpaka hakivuji, na kina kifuniko chake. Na kabla ya kutia maziwa, mwenye chicho huchoma kijiti cha mti ndani yake, akakifukiza chombo kwa moshi wake. Maziwa yake yananukia moshi, na hayaharibiki upesi.

Mara ya kwanza Mama Konsessa alipoonja maziwa yale yaliyochemshwa na sukari, alidhani mimi nimeunguza sufuria. Nilipewa vidonge vyangu hapo. Nikajitetea, nikasema sufuria hii hapa, chini ni nyeupe. Tukaonja tena, tukanusa chicho, tukamjua mwenye makosa. Mama Konsessa alikasirika. Alimpa Mama Guyo debe la bati lililooshwa kwa sabuni, akamwambia kuanzia kesho maziwa yaje humo, hataki mayai ya Pasaka yanayonuka jikoni kwa mtu. Mama Guyo alilitazama debe, akalitazama jua. Akasema, "Sawa."

Kesho yake maziwa yalikuja kwenye debe. Yaliwekwa motoni. Yakaanza kupata joto, na mbele ya macho yetu yakakatika vipande vipande, maji huku, mabonge huku. Yalikuwa yameshaanza kuharibika njiani, kwenye jua, ndani ya bati. Tukamwita Mama Guyo. Alichungulia sufuria kwa muda mrefu. "Debe ni safi sana," akasema. Mimi nilikimbilia uani nikacheka huko, kwa sababu mbele ya Mama Konsessa nisingeweza.

Basi chicho ikarudi, na moshi ukarudi nayo. Na mnajua nini? Watu wa mji wakaupenda. Wakaanza kusema yai la Mama Konsessa lina kitu. Wenye maduka, makarani, Waturkana na Wameru wanaosali kanisani, hata Wasomali wa barabarani waliopewa na jirani zao Wakristo, wote walilitaka hilo lenye moshi. Mwaka mmoja Mama Konsessa alijaribu maziwa ya ngamia, kwa uroho wake wa kujaribu. Yale hayakatai kuchemka, yanakataa kuwa mazito. Tulikoroga mpaka mikono ikafa ganzi, tukaishia na supu tamu yenye chumvi. Mama Guyo alikunywa yote akasema ni nzuri.

Halafu ikaja miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa porini.

Sitawasomea historia, mna walimu. Nitasema nilichokiona. Barabara ya kwenda Garbatulla ikawa ya magari ya jeshi, na lori letu la chokoleti likaanza kuja kwa msafara likilindwa. Kafyu ikawa inaanza kabla ya giza. Na wafugaji, watu wa akina Mama Guyo, wakaambiwa waache malisho, wakakusanywa kwenye vijiji vya waya ili serikali ijue nani ni nani. Mifugo haiishi ndani ya waya. Mama Guyo aliingia kijiji cha kando ya mji na kundi zima la ng'ombe wa mume wake, na kila nilipomuuliza habari ya ng'ombe jibu lilikuwa fupi kuliko la jana. Mwisho akaniambia wamebaki wawili. Waborana wenyewe huuita wakati ule Gaf Daba, wakati kila kitu kiliposimama. Alilisema neno hilo akiwa amekaa kwenye ngazi zetu za nyuma.

Hao ng'ombe wawili ndio waliowalisha watoto wake. Maziwa yalikuja kwetu, unga ukaenda kwake. Na ili atoke kwenye waya alihitaji kipande cha ruhusa, na kipande hicho kilitolewa langoni na sajenti. Sajenti wa kwanza alikuwa mtu wa kupunga mkono tu. Karibu na Pasaka akaja mwingine, Sajenti Koech, kijana wa bonde huko magharibi, mwenye mgongo ulionyooka kama mlingoti. Huyo hakupunga mkono. Alimwambia Mama Guyo kwamba wanawake wa maziwa wanabeba habari na sukari kuwapelekea watu wa porini, na kwamba Pasaka ikipita hataona sababu ya kumtoa mtu nje. Bekari itumie maziwa ya unga ya mkebe kama jeshi linavyotumia.

Mama Konsessa alijaribu ya mkebe kweli, sitamsingizia. Mayai yalitoka mazuri, laini, meupe ndani kama pamba. Nilipeleka moja kwa mwenye duka la nguo, mteja wetu wa miaka. Akalitafuna, akaniuliza, "Hili ni la nani?" Nikarudi nikasema, "Mama, hawatujui tena." Lakini Sajenti hakuwa mteja wetu. Kwake yai ni yai.

Wiki yenyewe ya Pasaka, tulikuwa tumechovya mayai mengi, na Mama Konsessa akamfungia Mama Guyo ya watoto wake. Hiyo ilikuwa desturi ya mji huu na bado iko kwa wenye akili: Idi ikija sahani inavuka kwenda kwa Wakristo, Pasaka ikija sahani inavuka kwenda kwa Waislamu. Mama Guyo aliuliza kama alivyouliza kila mwaka, "Nguruwe iko?" na Mama Konsessa akajibu kama kila mwaka, "Iko mimi peke yangu." Na kwa sababu jua lilikuwa kali, Mama Konsessa akasema ayabebe ndani ya chicho, ambamo mna ubaridi, afunike vizuri. Lilikuwa wazo zuri kabisa. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Hakufika mbali. Mama mmoja muuza kuni alikuja mbio, kanga mkononi, akasema tuje langoni, Mama Guyo amekamatwa na mabomu.

Tulikimbia. Mama Konsessa alikimbia na aproni yake na mwiko mkononi, sijui alitaka kumpiga nani. Tulipofika, barabara ilikuwa tupu. Askari walikuwa wamelala nyuma ya magunia ya mchanga, bunduki zimeelekezwa, watu wengine wamelala mtaroni. Na katikati ya barabara, juani, peke yake, ilikuwa imekaa chicho. Mama Guyo alikuwa amekalishwa chini kando, askari amesimama nyuma yake. Yeye hakulala kwa sababu hakuna aliyemwambia alale, na pia, aliniambia baadaye, asingelala chini kwa ajili ya peremende.

Askari wa langoni alikuwa ametia mkono ndani ya chicho, akagusa vitu vigumu, baridi, vya mviringo, vyeusi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini, wakati ule? Mimi simcheki, ingawa nacheka.

Sasa jua lilikuwa limeanza kazi yake. Nikaona chini ya kifuniko kunatoka kitu cha kahawia, kinateremka polepole ubavuni mwa chicho.

"Inavuja," askari mmoja akasema, na wote wakazidi kujibana chini.

Niliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, risasi na chokoleti, na nitasema ukweli, la chokoleti ndilo lililonisukuma. Nikapaza sauti. "Sajenti, hiyo si bomu. Ni mayai ya Pasaka."

Sajenti Koech akajibu bila kuinua kichwa. "Kuku gani inataga yai nyeusi?"

"Tunatengeneza sisi, bekari. Ni peremende."

"Kaa hapo hapo."

Sikukaa. Ujana una upumbavu wake, na mara mojamoja unafaa. Nilitembea mpaka kwenye chicho, nikafunua, nikatoa yai, nikalila mbele ya jeshi lote. Yai lenyewe lilikuwa limelainika, likanipaka mpaka kidevuni. Nyuma ya magunia mtu mmoja akaanza kucheka. Halafu wengine. Watu wakatoka mtaroni wakijipangusa. Mama Konsessa akaketi kwenye jiwe, nadhani angetoa rozari kama asingekuwa ameshika mwiko.

Mimi nikadhani yameisha. Hayakuwa yameisha. Mtu akichekwa mbele ya askari wake anakuwa mkali zaidi, mjue hilo. Sajenti Koech alisimama, akajikung'uta vumbi, akaja mpaka mbele ya Mama Guyo. Hakupiga kelele. Aliongea polepole, na hilo lilinitisha zaidi ya bunduki.

"Sukari yote hii inaenda wapi? Nimekataza sukari kuingia ndani. Leo ni ya mayai, kesho ni ya nani?" Akanyoosha mkono. "Lete kipande."

Mama Guyo akakitoa kwenye fundo la shuka lake, akampa. Sajenti akakitia mfukoni.

"Hutoki tena. Hatungoji Pasaka ipite. Kuanzia sasa."

Mama Guyo aliinuka. "Ng'ombe iko mbili," akamwambia. "Asubuhi nakamua, mchana maziwa imeharibika. Watoto nitawapa nini? Waya?"

Sajenti aliangalia upande, na mimi nikaona kwamba hata yeye hakulipenda swali hilo. Lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye mfuko wa kipande.

Hapo Mama Konsessa akaja, akaokota chicho, akatoa yai moja ambalo chokoleti yake ilikuwa bado imeshika, akamnyooshea. "Wewe nafunga chakula hujaonja. Onja kwanza. Halafu funga."

"Niko kazini, mama."

"Mimi pia iko kazini. Onja."

Nadhani alilichukua ili aondokewe na yule mama. Aliuma. Alitafuna mara moja, mbili, kisha taya likasimama. Akaangalia nusu ya yai iliyobaki mkononi, ule weupe wa ndani, akaupeleka puani. Akanusa. Akachukua chicho kutoka kwa Mama Konsessa, akafunua kifuniko, akaingiza uso wake wote ndani, na kofia yake ikaanguka barabarani. Hakuiokota.

"Nani amefukiza hii?" akauliza.

"Mimi," Mama Guyo akasema.

"Kwa senetwet?"

"Senetwet ni nini?"

"Mti. Kwetu mama anachoma senetwet, anasugua ndani ya kibuyu. Maziwa inakaa mpaka…"

"Mimi nachoma ejersa," Mama Guyo akasema. "Mti wako sijui. Mama yako anachoma ikiwa mbichi ama kavu?"

"Kavu."

"Ndiyo hiyo," akasema Mama Guyo, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi.

Wakasimama hapo, sajenti na mwanamke aliyemkamata, wakiongea habari za kijiti na kibuyu, moshi uwe kiasi gani, majivu yafutwe na nini. Askari wakawa wanatazamana. Sajenti akasema hajafika kwao tangu vita vianze, na kwamba jeshini maziwa ni ya mkebe, na ya mkebe hayana mtu ndani yake. Neno hilo mimi nimelibeba mpaka leo. Halafu akakumbuka yeye ni nani. Akaokota kofia, akaivaa, akamwambia Mama Guyo aende nyumbani na mayai yake.

"Na kipande?" nikamuuliza.

"Nitafikiria," akasema, na kipande kikabaki mfukoni mwake.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi tuliwasha jiko, tukatwanga njugu, tukapanga karatasi zenye samli. Saa ya Mama Guyo ikafika, ikapita. Mama Konsessa alikuwa anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Mwishowe akaleta mkebe wa maziwa ya unga kutoka stoo, akauweka mezani, akautazama, hakuufungua. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu. Pasaka ilikuwa inakuja na sufuria ilikuwa tupu, lakini si hilo. Nilikuwa nafikiria ng'ombe wawili wale wameshakamuliwa, na maziwa yamekaa ndani ya waya yakingoja jua.

Ndipo tukasikia salaam aleikum mlango wa nyuma.

Mama Guyo alikuwa amesimama nje na mikono mitupu. Nyuma yake alisimama Sajenti Koech, bunduki bega moja, chicho bega la pili, kamba yake imekaa vizuri juu ya magwanda, kama aliyewahi kubeba kibuyu cha maziwa tangu utoto wake, na bila shaka aliwahi. Alikuwa ameamua, akasema, kwamba maziwa ya bekari yatatoka kila siku, na leo amekuja kuona yanakokwenda, ili akiulizwa ajibu. Alisema kwa sauti ya kazi. Kipande cha ruhusa kilikuwa kimerudi kwenye fundo la shuka la Mama Guyo, na ncha yake ilionekana.

Mama Konsessa akamwambia karibu. Sajenti akapiga hatua. Mama Guyo akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Hiyo inabaki nje," akasema, na alimaanisha bunduki. "Maziwa na bunduki haiingii nyumba moja."

Sajenti akacheka kidogo. "Mama, askari akiacha bunduki anafungwa."

"Basi lete chicho. Wewe rudi."

Alimtazama. Akatazama barabara kushoto, akatazama kulia. Hakukuwa na mtu, ni upepo tu ulikuwa unasukuma vumbi. Akaivua bunduki, akaiegemeza ukutani nje, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akaingia. Mama Konsessa akamsogezea gunia la unga. Mama Guyo akafunua chicho, akamimina kikombe cha kwanza, na yule kijana akakipokea kwa mikono miwili, akanywa akiwa amefumba macho.

Kisha Mama Guyo akamimina yaliyobaki kwenye sufuria, na mimi nikachukua mwiko nikaanza kukoroga.